Uzi wa Nne

Tunaposema "sisi" katika insha hii, tunamaanisha watu wanne wa usharika mmoja wa Kilutheri hapa Gongoni, Tabora mjini: mwalimu wa kwaya, kijana anayetupigia gitaa la besi, fundi redio ambaye pia ni mzee wa kanisa, na mchungaji anayeandika haya. Kwa muda wa karibu mwaka mzima, kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, tulibaki katika ofisi ya usharika tukisikiliza kaseti moja. Tulikuwa tunatafuta jambo ambalo kwa mtu asiyepiga muziki ni dogo sana. Mpiga besi wa kaseti ile alitumia gitaa gani, nyuzi gani na mashine gani, hata besi yake ikalia vile?

Wapendwa kadhaa walituuliza kama hiyo ni kazi ya mchungaji. Swali lao lilikuwa la haki, maana wagonjwa wapo na darasa la kipaimara lipo. Tulijibu kwamba baraza la wazee lilikuwa limetenga shilingi 1,900,000 kutoka sadaka ya mavuno kwa ajili ya chombo cha kwaya, na mtunza hazina alitaka karatasi inayosema wazi kitanunuliwa nini na kwa sababu gani. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba tuliipenda ile besi, na mtu akipenda kitu hutaka kujua kimetengenezwaje.

Kaseti yenyewe haina jalada. Ni nakala ya nakala, ya zile zilizokuwa zikirekodiwa madukani kwa kuunganisha redio mbili, na aliyeirekodi aliandika juu yake kwa kalamu maneno mawili tu, "Ulyankulu kwaya". Kwa msomaji asiye wa mkoa huu tueleze kidogo. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na baadhi yao serikali iliwapa ardhi ya msitu katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Ulyankulu iko katika mkoa wetu wa Tabora. Makazi yalipangwa kwa barabara zilizopewa namba, ndiyo maana kwaya iliyovuma kuliko zote kutoka kule inaitwa Barabara ya 13. Karibu kila Mkristo wa umri wetu katika nchi hii amewahi kusikia magitaa ya kwaya za Ulyankulu, ama redioni, ama ndani ya basi, ama msibani. Hatudai kwamba kaseti yetu ni ya Barabara ya 13. Kwaya zilikuwa nyingi kule, na watu wa mjini waliziita zote kwa jina la mahali.

Besi ya kaseti hii haina haraka. Inatembea kama mpagazi wa zamani wa njia hii yetu ya Unyanyembe, aliyebeba mzigo wake na anayejua kituo kiko wapi. Sauti yake ni fupi na nzito, kama mchi unapotua kwenye kinu chenye mahindi yaliyoloweshwa. Inatua, inanyamaza, halafu inatua tena. Ya kwetu kanisani, kwa gitaa lile tulilokuwa nalo, ililia kama mtu anayegonga bati. Akina mama wa kwaya walisema wazi kwamba hawaisikii tumboni.

Wazee wa Tabora hawaoni ajabu watu kubishana juu ya gitaa. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids, ulikuwa na Nyanyembe Jazz, ulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na Shem Karenga aliyetunga "Dada Asha". Mzee mmoja wa usharika, aliyecheza dansi hizo kabla hajaokoka (na tunadhani na baada kidogo), alikuja Alhamisi moja, akasikiliza kaseti dakika mbili, akasema, "Huyu si mtu wa dansi. Mtu wa dansi angejionyesha." Akachukua fimbo yake akaondoka. Tulibaki na sentensi hiyo kwa wiki kadhaa.

Kijana wetu ndiye aliyetuletea habari za James Jamerson. Alizisoma kwenye simu yake, akaziandika daftarini kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Jamerson alizaliwa South Carolina, Marekani, mwaka 1936, na miaka ya 1960 alikuwa mpiga besi wa studio ya Motown katika jiji la Detroit. Nyimbo alizopiga zilizunguka dunia nzima, lakini kwa miaka mingi majalada ya santuri hayakuwataja wapigaji kabisa. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On. Mwaka 1983 Motown ilipofanya sherehe ya miaka 25, inasimuliwa kwamba alijinunulia tiketi, akakaa juu kati ya watazamaji kama mtu mwingine yeyote. Mwezi Agosti mwaka huohuo alifariki.

Baada ya kifo chake watu walianza kuchunguza kila kitu chake. Sasa inajulikana kwamba gitaa lake lilikuwa Fender Precision la mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa La Bella nene, za aina ambayo waya wake wa nje ni bapa, laini ukiupitishia kidole, na hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Karibu na daraja la gitaa, chini ya kifuniko cha chuma, kulikuwa na kipande cha sponji kilichozibana nyuzi zisitetemeke muda mrefu. Na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho wenzake walikiita Ndoana.

Sisi tulifurahi sana. Kumbe sauti fupi na nzito ina sababu zinazoshikika! Fundi alikata kipande cha godoro chakavu, akakipachika chini ya nyuzi karibu na daraja. Kijana aliteremsha kitufe cha sauti kali mpaka mwisho. Kile kidude chenye sumaku chini ya nyuzi, ambacho mafundi hukiita pikapu ingawa hakina matairi, tulikisogeza mbali kidogo na nyuzi. Tulipopiga, bati liliondoka. Mwalimu wa kwaya, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema tumefika nusu ya njia. Kijana akaona njia iliyobaki ni kununua Fender, na hesabu yake ilikuwa inazidi fedha za baraza mara mbili na zaidi.

Fundi alisema tusubiri. Kwa maoni yake tulikuwa hatujaisikia kaseti bado.

Alikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba redio tuliyotumia ina spika ndogo ya kiganja, na spika kama hiyo haiwezi kutoa sauti ya chini ya besi. Uzi wa tatu wa besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 55 kwa sekunde, na spika ile haifiki huko hata kwa maombi. Inachotoa ni mitetemo ya juu inayofuatana na ule mtetemo wa chini, na sikio la mwanadamu likiisikia hiyo linajijengea lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Mchungaji aliandika jambo hilo katika daftari la mahubiri. Bado hajalihubiri, maana kila akijaribu linakuwa rahisi mno. Fundi alileta spika kubwa kutoka dukani kwake, nasi tukasikia mambo ambayo hatukujua yapo, pamoja na jogoo na mtoto anayekohoa.

Maana ya pili ni kwamba kaseti ilikuwa inakwenda polepole. Waimbaji walikuwa na sauti nzito kupita kiasi, hata akina mama. Ndani ya redio ya kaseti kuna mota ndogo, na nyuma ya mota nyingi kuna tundu lenye skrubu. Ukiizungusha kwa bisibisi nyembamba, mwendo unaongezeka au unapungua. Mwendo ukipungua kama asilimia sita tu, wimbo wote unashuka nusu noti. Fundi alizungusha kidogo kidogo huku mwalimu wa kwaya amefumba macho, mpaka sauti za akina mama zikawa za akina mama. Hapo kijana, gitaa mapajani, akaanza kufuata.

Usiku huo alifuata kaseti nzima, pande zote mbili, akaandika. Alhamisi iliyofuata alikuja na jambo lililotunyamazisha. Katika nyimbo kumi na moja, mpiga besi yule hakushuka hata mara moja chini ya noti ya A. Gitaa la besi lina nyuzi nne, na A ni uzi wa tatu ukipigwa wazi. Uzi wa nne, ule mnene kuliko zote, haukuguswa tangu mwanzo wa kaseti hadi mwisho.

Tukarudia wimbo tunaoupenda zaidi, ambao do yake ni G. Mpiga besi yeyote, kila ubeti unapoisha, angeshuka nyumbani kwenye G ya chini, juu ya uzi wa nne. Huyu anafika mlangoni halafu anaruka juu. Ule mruko ndio uliotufanya tuipende kaseti. Ndipo watu wanapopiga makofi bila kuambiwa. Kijana wetu alikuwa ameujaribu mara nyingi, lakini kwa mazoea alikuwa anashuka kwanza ndipo anaruka, na ladha ilikuwa inapotea. Tukajua sasa kwamba tulikuwa tunatafuta gitaa lenye nyuzi tatu.

Jioni hiyohiyo likatokea jambo jingine. Kati ya wimbo wa nne na wa tano, kwa spika kubwa, mtu anasikika akisema maneno machache kwa sauti ya chini, watu wawili watatu wanacheka, halafu gitaa linaanza. Sisi watatu tulidhani ni kelele. Kijana alicheka palepale, pamoja na wale wa kwenye kaseti.

Tulimtazama. Akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Ni Kirundi, Baba Mchungaji. Anasema mfukuzeni huyo jogoo kwanza."

Kijana huyu ameimba nasi tangu akiwa darasa la saba. Katika fomu ya kwaya, mahali pa kuzaliwa, aliandika Urambo. Alitueleza usiku ule, akiwa ameshika shingo ya gitaa kama mtu anayeshika nguzo, kwamba babu na bibi yake walivuka mwaka 1972, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Ulyankulu. Mwaka 2007 watu wa makazi waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na wengi waliomba uraia. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale matatu walikubaliwa, na vyeti vilianza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Nyumbani kwao vyeti vipo, vimefungwa katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo cha bibi. Lakini shuleni, hapa mjini, alikuwa ameitwa mkimbizi mpaka akajifunza kutotaja. Ametupa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Alisoma ukurasa huu kabla haujaenda kwa mhariri, akafuta sentensi moja, nasi hatukumuuliza kwa nini.

Mchungaji alilala na jambo lile, na asubuhi akafungua 1 Mambo ya Nyakati 15. Pale Daudi anapanga wapigaji watakaolisindikiza sanduku la Bwana. Mstari wa 20 unataja wenye vinanda vya Alamothi, na mstari wa 21 wenye vinubi vya Sheminithi. Chuoni tulifundishwa kwamba maneno haya mawili hayana tafsiri ya hakika, ila wafasiri wengi hulihusisha neno Sheminithi na "nane", na baadhi yao husema ni sauti ya chini, hatua nane chini ya ile nyingine. Ikiwa ni hivyo, basi mstari ule ni orodha ya wapiga besi. Wako sita, na wote wametajwa kwa majina.

Mmoja wao ni Obed-edomu. Msomaji wa Biblia analikumbuka jina hilo. Katika 2 Samweli 6, baada ya Uza kufa, Daudi aliogopa kulipeleka sanduku mjini kwake, akaligeuza nyumbani kwa Obed-edomu, na huko likakaa miezi mitatu. Obed-edomu yule anaitwa Mgiti, yaani mtu wa Gathi, mji wa Wafilisti alikotoka Goliathi. Wataalamu hawakubaliani kama Mgiti yule na mpigaji huyu wa 1 Mambo ya Nyakati ni mtu mmoja. Wengine husema mwandishi amewachanganya, wengine husema Gathi hapa ni mji mwingine, wa Walawi. Sisi tunaona simulizi lenyewe linavuta kwenye mtu mmoja: yule aliyetunza sanduku nyumbani mwake, siku linapoondoka, anaondoka nalo akilipigia. Na kama ndivyo, mgeni aliyetoka nchi ya adui alipewa nafasi kwenye sauti ya chini, na jina lake likaandikwa pamoja na ukoo wa Walawi bila mtu kumwomba aandike mahali pengine pa kuzaliwa.

Tulimsomea kijana mistari hiyo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama Obed-edomu alipigia kidole au kijiti.

Yeye ndiye aliyetupeleka Ulyankulu. Tulipanda basi la asubuhi, sisi wanne, fundi akiwa amebeba redio ndani ya kikapu. Barabara inapita msituni, miombo pande zote mbili, mizinga imening'inia mitini. Tulifikia kwa mjomba wake, tukala ugali wa muhogo na maharage, na mchana tukapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa kwaya zamani. Kijana alimsalimu kwa Kirundi, kwa mikono miwili, na sisi tukamwamkia shikamoo. Mzee alituitikia "marahaba" kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu. Alipoambiwa kwamba mgeni mmoja ni mchungaji wa Kilutheri alisema, "Basi leo tutaimba taratibu," akacheka mwenyewe.

Fundi aliwasha kaseti. Mzee alisikiliza wimbo mmoja, wa pili, akainamisha kichwa. Wa tatu ulipofika kwenye ule mruko, mkono wake wa kushoto ulipanda hewani kabla besi haijapanda.

Alisema anawajua watu wawili waliopiga vile. Mmoja alirudi Burundi na jamaa zake. Mwingine amelala kwenye makaburi tuliyoyapita tulipokuja. Kwa kusikiliza tu, kwa kaseti iliyochoka namna ile, hakuweza kuapa ni yupi. Alitutajia majina yote mawili. Hatuyaandiki hapa, kwa sababu hatupendi kumpa mmoja kazi ya mwenzake.

Kisha aliingia ndani, akatoka na gitaa. Hatukuona Fender. Lilichongwa na seremala wa palepale kwa mbao ya mninga, zito kama mlango, shingo nene kama mpini wa shoka. Nyuzi mbili zilizobaki zilikuwa na kutu. Alitueleza kila kitu kwa mpangilio, kama fundi kwa fundi. Nyuzi mbili nyembamba walizinunua Tabora mjini, na zilipofifia walizichemsha kwenye sufuria ili zitoe jasho la vidole, kwa sababu za kununua tena hazikuwepo. Uzi wa tatu ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Ndiyo maana haukulia muda mrefu; waya ule unagonga na kunyamaza. Mpigaji aliegemeza kiganja karibu na daraja na kupigia dole gumba. Mashine ilikuwa redio ya zamani iliyofunguliwa, betri ya gari, na spika ndani ya sanduku la mninga vilevile.

"Na uzi wa nne?" mwalimu wa kwaya akauliza.

Mzee alituonyesha shingo ya gitaa. Ilikuwa imepinda, na karibu na kichwa kulikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi. Walijaribu waya mnene zaidi, wa pikipiki. Ulipokazwa mpaka kufikia sauti, ulivuta shingo mpaka ikaanza kupasuka. Wakautoa ili gitaa lisife. Baada ya hapo wapigaji wakatafuta njia ya kufika nyumbani bila kupita chini, nao watoto waliosikiliza wakaiga, na wenye magitaa mazima wakaiga vilevile.

Sisi tulinyamaza. Kila mmoja wetu, na zaidi yule mwenye kazi ya kuhubiri, alikuwa ameshaona mahubiri mazuri yakijiandika. Mzee aliliona jambo hilo usoni petu. Inaonekana amewahi kuliona kwa wageni wengine.

"Baba Mchungaji," alisema, "usiende kuwaambia watu kwamba Mungu alitunyima uzi ili tuimbe vizuri. Tuliuomba ule uzi. Tungeupata, tungeupiga."

Tuliporudi, kikao cha baraza kilikuwa Jumamosi. Habari zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida ya Gongoni. Mzee mmoja wa baraza, mtu mwema na mkali wa fedha za kanisa, alisimama akasema kwamba sasa jambo limekuwa wazi: wenzetu walimsifu Bwana kwa nyuzi tatu na waya wa breki, na sisi wenye nyuzi nne tunalalamika. Alipendekeza shilingi 1,900,000 ziende kwenye bati la nyumba ya mwinjilisti. Wengi waliguna kwa kukubali. Hoja yake ilikuwa na nguvu, maana nyumba ya mwinjilisti inavuja kweli.

Tulijibu kwamba kama bati linahitaji fedha, na lijadiliwe kama bati. Lakini tulikuwa tumetumwa na mtu ujumbe, na tuliona hatuna haki ya kuubakiza. Tukaurudia neno kwa neno. Kijana wetu alikuwa amekaa nyuma kama msikilizaji, na mwenyekiti akamruhusu kusema. Alisimama. Alisema alizaliwa Ulyankulu, Barabara kadhaa kutoka kwa mzee yule, na kwamba wakati wa utoto wake watu waliokuja kuwatazama walipenda sana kusikia jinsi walivyovumilia, na waliondoka wamefurahi. Alikaa. Hakuongeza kitu.

Kikao kilichukua saa mbili zaidi. Mwisho wake fedha ziligawanywa: sehemu ikaenda kwenye bati, na iliyobaki ikanunua besi ya kawaida ya Kichina yenye nyuzi nne na amplifaya iliyotumika, ambayo fundi aliifungua na kuifunga upya kabla hajairuhusu iingie kanisani. Nyuzi tulichagua zile bapa, za aina aliyotumia Jamerson ingawa si za kampuni ile, na kipande cha godoro kimebaki mahali pake. Akina mama wanasema sasa wanaisikia. Kuhusu wimbo ule ambao do yake ni G, kwaya imegawanyika. Kijana siku nyingine anaruka, siku nyingine anashuka mpaka G ya chini kabisa na dirisha la sakristia linatetemeka. Mwalimu wa kwaya anataka aamue moja. Hajaamua.

Mwezi mmoja baadaye tulituma Ulyankulu seti ya nyuzi kwa kondakta wa basi, imefungwa kwenye gazeti. Mzee alitupigia simu baada ya siku nne. Alisema nyuzi tatu ameshazifunga na wajukuu wanasumbua nyumba nzima. Wa nne ameuweka kwanza sandukuni, kwa sababu seremala amelitazama gitaa na kusema shingo lazima ipasuliwe na kutiwa chuma ndani ndipo iweze kuubeba, na seremala huyo ana milango ya watu ya kumaliza kabla ya mvua.